Shajara ya mradi: njia ya reli iliyofungwa kuwa bustani ya umma

Shajara hii inaongezwa kila hatua inapokamilika, ili mwenye kazi kama hii aone tulipopita na tulipokwama. Eneo ni ukanda wa reli usiotumika: tuta jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, ambalo mwishoni linafunguka kuwa uwanja mpana. Zamani mabehewa yalipangwa hapo na injini zikajazwa mafuta. Agizo la mteja lilikuwa fupi: bustani ya watu wote, itakayostahimili joto kali, mvua za ghafla na ukame mrefu. Usafi, upimaji wa mipaka na vikao nimevipita haraka. Nafasi kubwa nimeiachia maji na sumu, maana hivyo viwili ndivyo vilivyoamua karibu kila mstari wa mchoro.

## 10 Januari: Tulichokikuta

Reli zimeng'olewa karibu zote. Kokoto zimebaki, unene wa sentimita 30 hivi, na chini yake kuna udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, umeinuka katikati na kuteremka pande zote mbili. Wajenzi wa reli walikuwa na adui mmoja mkuu, maji. Kila kitu hapa kiliumbwa kuyafukuza haraka: kokoto zinayapitisha, udongo mgumu unayatelezesha, mitaro ya pembeni inayaondoa. Sisi tunataka yakae. Mgongano huo utaonekana katika kila ukurasa unaofuata.

Zawadi kubwa ni mteremko. Treni haipandi mlima mkali, na njia nyingi za reli hazizidi asilimia 2 au 3. Kiti cha magurudumu kinataka njia isiyozidi asilimia 5 hivi. Kwa hiyo njia kuu ya bustani ilikwishapimwa na wahandisi wa zamani, kona zake pana na bila kilima, na sisi hatukuigusa.

Kasoro ni milango. Ukanda mrefu wenye milango miwili ni korido, na korido haina usalama jioni. Tumejiwekea sharti la mwanya wa kuingilia kila mita 200, hata ikibidi kulijengea tuta ngazi na njia ya kupandia.

Mwenye ardhi hauzi. Ametoa ukanda kwa mkataba mrefu, kwa sharti kwamba reli ikihitajika tena irudi. Marekani ina utaratibu wa aina hiyo katika sheria tangu 1983, na njia nyingi za baiskeli za kule zimepona kwa sababu yake. Kwetu maana yake ni kwamba katikati ya tuta hakuna jengo la kudumu wala mti mkubwa. Wasanifu wawili wa timu walinuna. Mimi nililipenda sharti hilo, kwa sababu limetuokoa na vibanda ambavyo kila mshiriki wa kikao alitaka kuviweka pale juu.

## 28 Januari: Karatasi kabla ya sepeto

Kabla ya kuchimba tulitafuta michoro ya zamani ya uwanja. Inaonyesha injini ziliposimama kungoja ishara, palipojazwa maji na mafuta, palipomwagwa majivu, na kila mahali reli zilipoachana. Zote hizo ni sehemu za kushuku. Penye makutano ya reli pamepakwa grisi miaka nenda miaka rudi. Injini iliyosimama hudondosha mafuta. Majivu ya makaa ya mawe huweza kuwa na madini ya risasi na arseniki, yote mawili sumu. Dawa za kuua magugu zilipigwa kwenye njia za reli kwa miongo mingi, na baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa na arseniki ndani yake. Vumbi la breki lina shaba na zinki, na breki za zamani zilikuwa na asibesto.

Tuliwaomba pia wastaafu wa reli watembee nasi. Mmoja wao, fundi wa njia, alisimama penye nyasi zisizo na alama yoyote akauliza mbona hatujachomeka kijiti.

"Hapo, mzee? Mchoro hauonyeshi kitu."

"Mchoro ulichorewa ofisini, mwanangu. Behewa la dawa lilikuwa likioshewa hapo."

Tukachomeka kijiti.

## 19 Februari: Udongo maabara

Mpango wa kwanza wa sampuli ulikuwa gridi, sampuli moja kila mita 25, kisha sampuli tano za jirani zinachanganywa kuwa moja ili kupunguza ada ya maabara. Majibu yalirudi mazuri kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo mhandisi wa mazingira alipokunja uso. Hesabu yake ni nyepesi: sampuli moja chafu ikichanganywa na nne safi, uchafu unagawanywa kwa tano, na kilichovuka kikomo kinajificha chini ya kikomo. Kuchanganya kunafaa penye ardhi ya namna moja, kama shamba. Ardhi ya reli hubadilika kila hatua chache.

Mzunguko wa pili haukuchanganya kitu. Sampuli zililenga alama za michoro na vijiti vya wazee, kwa vina vitatu: sentimita 0 hadi 15, 15 hadi 50, na 50 hadi 100. Sura ikabadilika. Arseniki ilifuata njia nzima ya reli, karibu na uso wa ardhi, nyingi ikiwa katika vumbi lililojaa kati ya kokoto. Chini ya marundo ya mataruma (magogo na nguzo za zege zinazolazwa chini ya reli) palikuwa na hidrokaboni za lami. Penye pampu ya zamani ya dizeli mafuta yameshuka kupita mita moja. Kwenye pembe ya uwanja kuna tabaka jeusi la majivu lenye risasi. Na pale penye kijiti cha mzee pakaongoza kwa arseniki katika eneo lote.

Kilichotusaidia kuchora mipaka ya uchafu ni kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa eksirei. Unakigusisha udongo, na kwa muda wa dakika moja hivi unapata namba. Kina mambo mawili ya kuangalia: udongo mbichi hushusha namba zake, hivyo ukaushe kwanza, na mafuta na lami hakivioni kabisa, hivyo maabara bado ni lazima.

Mzunguko wa pili uligharimu karibu sawa na wa kwanza. Mtu akinakili kazi hii, aanze na michoro na wazee, kisha kifaa cha mkononi, na maabara iwe ya mwisho, kwa sampuli chache zilizochaguliwa vizuri.

## 6 Machi: Mataruma na kokoto

Kila aliyefika alisema yaleyale: mataruma yatafaa kuwa mabenchi. Yale ya mbao hayatafaa. Yamelowekwa kriosoti, mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, ambayo jua kali huyatoa juu ya mbao hata baada ya miaka mingi, na yana kemikali zinazosababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia mbao hizo kwenye viwanja vya watoto, mabustani na sehemu za burudani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yetu yamekwenda kwenye dampo lenye kibali cha taka hatari, na bei yake ndiyo iliyoumiza zaidi katika hatua ya usafi. Mtu aliyejitolea kuyachukua bure kwa ajili ya bustani ya nyumbani kwake alikataliwa kwa maandishi.

Mataruma ya zege yamebaki, yatakuwa kingo za vitanda vya mimea na ngazi za tuta. Vipande vya reli vimekuwa nguzo.

Kokoto zilitusumbua. Wazo la kwanza lilikuwa kuziosha zote. Maji ya kuoshea yalitoka meusi, yakahitaji tangi la kutulizia na kupimwa kabla ya kutolewa, na kila mita ya ujazo ya mawe ilizaa uchafu wa maji mzito kuliko tulivyoweza kuusimamia. Tukaacha. Badala yake tulizichekecha zikiwa kavu lakini zimenyunyiziwa maji kidogo, vumbi lisiruke. Sumu imeng'ang'ania chembe ndogo. Mawe makubwa yenyewe, yakipimwa, mengi ni safi. Yaliyobaki juu ya chekeche yamerudi kazini, chini ya njia na ndani ya vizimba vya waya vinavyoshikilia mteremko. Yaliyopita chini yanakwenda kufunikwa (tazama Mei). Kuchekecha kuligharimu chini ya nusu ya makadirio ya kuosha, na kumetuepusha kununua mawe mapya.

## 2 Aprili: Shimo la majaribio

Mabango ya miradi kama huu huchora bustani za mvua kila kona: vibonde vilivyopandwa mimea, maji ya mvua yanaingia, yanazama, mafuriko yanapungua. Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa navyo tisa. Tulichimba kimoja cha majaribio uwanjani, kabla ya mvua, ili tuone.

Mvua kubwa ya kwanza ikaja. Maji yaliingia vizuri, yakapita kwenye udongo mpya na kokoto bila shida, kisha yakafika kwenye ule udongo ulioshindiliwa na kusimama. Juu palionekana pakavu. Chini, kwenye bomba la kupimia, maji yalikaa bila kushuka. Baadaye yalianza kutoka pembeni, kwenye mguu wa tuta, upande wa majirani. Siku zilivyopita harufu ikawa ya tope lililooza na maji yakageuka rangi ya kutu. Tulipoyapima, arseniki ilikuwa imepanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa katika maji ya mwanzo.

Sababu inajulikana kwa wataalamu wa maji ya ardhini. Arseniki nyingi kwenye udongo hushikwa na oksidi za chuma. Udongo ukijaa maji na hewa ikaisha, vijidudu huanza kuvunja hizo oksidi, chuma kinayeyuka, na arseniki iliyokuwa imefungwa inaachiwa. Kwa hiyo bustani ya mvua juu ya ardhi yenye arseniki si kosa la mpangilio tu; ni mtambo wa kuzalisha maji yenye sumu. Ardhi hiyo ilikuwa imetulia miaka yote kwa sababu reli iliifanya iwe kavu.

Vibonde vyote tisa vilifutwa. Tulitandika karatasi upya na kuchora kwanza ramani ya mahali maji yanaporuhusiwa kushuka, kabla ya kuchora mti wala njia:

Kijani ni ardhi safi inayopitisha maji, ambako maji yanaweza kuzama. Ni sehemu ndogo, chini ya robo ya eneo, hasa kingo ambazo hazikuwahi kubeba reli. Njano ni ardhi yenye uchafu wa kiasi: mvua inayoanguka pale juu yake ianguke kama ilivyozoea, lakini maji ya mahali pengine yasielekezwe hapo. Nyekundu ni pembe ya majivu, penye pampu na penye kijiti cha mzee. Hapo tone lisishuke.

Maji mengi, kwa hiyo, ni ya kukusanya, kuchelewesha na kuachia polepole kwenye mtaro wa umma, wala si ya kuzamisha. Sehemu ya kati ya uwanja imekuwa kiwanja cha nyasi kilichoshushwa karibu mita moja, chini yake kuna turubai nene la plastiki na bomba la kutolea. Siku za kawaida watu wanacheza mpira. Siku ya mvua kubwa ni bwawa la muda. Mteja aliona ni ghali. Tulimwonyesha Historic Fourth Ward Park ya Atlanta, kando ya BeltLine (mzunguko wa njia za kutembea unaofuata reli za zamani), iliyofunguliwa 2011: bwawa lake linapokea maji ya mvua ya mitaa inayofurika, na jiji lilipata bustani kwa gharama ndogo kuliko handaki la maji lililokuwa limepangwa. Hoja hiyo ilifanya kazi kuliko picha zetu zote.

## 21 Aprili: Mbolea iliyofungua sumu

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Njia mojawapo inayopendekezwa kwa udongo wenye risasi ni kuuongezea fosfati (chumvi ya fosforasi), inayoifunga risasi katika umbo lisiloyeyuka kirahisi. Mshauri alitaka tuifanye uwanja mzima. Tulijaribu kwenye ndoo kwanza, udongo wa sehemu tofauti, tukapitisha maji na kuyapima. Kwenye udongo wa majivu risasi ilishuka kweli. Kwenye udongo wa njia ya reli arseniki ilipanda. Fosfati na arseniki kwenye udongo hugombania viti vilevile; ukimwaga fosfati, arseniki inasukumwa nje. Mboji yenye fosforasi nyingi inaweza kufanya vivyo hivyo.

Jaribio la ndoo liligharimu kidogo sana likituepusha na ajali ya uwanja mzima. Fosfati imefutwa kwenye mpango.

Kuna aliyependekeza pia kangaga la Pteris vittata, ambalo tangu 2001 linajulikana kuvuta arseniki na kuihifadhi kwenye majani. Ni kweli linavuta. Lakini kazi ni ya miaka mingi, linafika pale tu mizizi yake inapofika, na majani yake yakivunwa ni taka hatari. Kwenye bustani inayofunguliwa watoto waingie, si suluhisho la peke yake.

## 12 Mei: Kufunika

Uchafu ambao hauhamishwi unafunikwa. Mpangilio wetu kutoka chini: vumbi lililochekechwa, limesawazishwa na kushindiliwa, turubai penye nyekundu, kitambaa cha jiotekstaili chenye rangi kali ya machungwa, kisha udongo safi, sentimita 60 penye nyasi na mita 1 penye vichaka. Rangi ya kitambaa ina kazi: fundi bomba atakayechimba miaka 20 ijayo akiiona ajue amefika mpaka. Miti imepangwa kwenye ardhi ya kijani tu, au ndani ya mashimo yaliyochimbwa hadi udongo safi.

Udongo wa kuletwa ulipimwa kila lori. Shehena moja ilirudishwa kwa sababu ya vipande vya glasi na mabaki ya ujenzi.

Ramani ya kufunika imewekwa kwenye hati za ardhi. Bila hivyo, mkandarasi wa taa wa baadaye atatoboa kila kitu.

## 30 Juni: Tuta

Juu ya tuta hatukuweza kuweka mita moja ya udongo. Uzito na upana haviruhusu. Wasiwasi wa mteja ulikuwa kwamba udongo mfupi hautaotesha kitu. High Line ya New York, njia ya reli ya juu iliyopitisha treni ya mwisho 1980 na kufunguliwa kama bustani kuanzia 2009, ina wastani wa sentimita 45 hivi za udongo na inabeba hata miti midogo. Lakini ina mfumo wa umwagiliaji na watunzaji wa kudumu, na hilo halionekani kwenye picha. Sisi tulichukua nusu ya somo: nyasi ndefu na mimea ya ukame, bila miti, na tangi la maji ya mvua kwa miaka miwili ya kwanza tu.

Jambo lililotushtua ni mteremko wa tuta. Kipande kimoja kilianza kuteleza baada ya mkandarasi kuelekeza maji ya njia upande mmoja. Tuta la zamani ni mchanganyiko wa chochote kilichopatikana karibu. Likilowa linapoteza nguvu. Njia imeinuliwa tena katikati kama ilivyokuwa reli, mfereji mdogo wa mawe unabeba maji hadi kwenye mteremko uliotandikwa vizimba, na mguu wa tuta umepandwa nyasi za mizizi mirefu. Wahandisi wa zamani walikuwa na haki kwenye hili. Hakuna bustani ya mvua juu ya tuta, na asikushawishi mtu.

## 14 Septemba: Kupanda, na joto

Mchanganyiko wa kwanza wa udongo wa vitanda ulikuwa na mboji theluthi moja. Ulipungua ujazo: mboji ilioza na vitanda vikashuka, mimea ilirefuka laini ikalala, magugu yakasherehekea, na maji yaliyotoka kwenye mabomba yalikuwa na nitrojeni na fosforasi za kutosha kuotesha mwani. Mchanganyiko wa pili una mchanga mwingi, udongo mfinyanzi kidogo na mboji kama sehemu moja ya kumi. Mimea inakua polepole na haianguki.

Miche tuliipanda ya ukubwa wa aina mbili ili tulinganishe. Ile mikubwa ilipendeza siku ya picha, kisha ikasimama, mizizi yake ikihangaika. Midogo, iliyogharimu sehemu ndogo ya bei hiyo, imeshika na kuanza kuitangulia. Awamu ya pili itakuwa midogo yote.

Kwenye ukingo wa uwanja, ardhi ya njano, miti ilikuwa imejiotea yenyewe tangu treni ziache kupita. Mkandarasi alitaka kuisafisha. Tuliizuia kwa mfano wa Natur-Park Südgelände, Berlin: uwanja wa treni wa Tempelhof ulifungwa 1952, msitu ukaota wenyewe, na 2000 ukafunguliwa kwa umma, hekta 18 hivi, huku sehemu nyeti zikipitiwa juu ya daraja la chuma bila kukanyaga ardhi. Daraja letu ni fupi, la kimia cha chuma, na linatatua mambo mawili kwa mpigo: mizizi haikanyagwi, na watu hawagusi udongo. Malalamiko yalikuwa kwamba ni pori. Tulikata ukanda wa mita moja wa nyasi fupi pembeni mwake na kuweka kingo safi. Malalamiko yamepungua bila mti kuguswa.

Mabenchi yalikuwa na kasoro nyingine. Yaliwekwa penye mandhari nzuri, na alasiri hayakaliki. Kokoto nyeusi zilizobaki pembeni zinahifadhi joto na kulirudisha miguuni. Tulitembea na kipimajoto cha uso saa za mchana kisha tukahamisha mabenchi yote penye kivuli cha saa nane hadi saa kumi, hata pale mandhari yalipokuwa ukuta. Ukanda wa reli una mwelekeo mmoja mrefu, kwa hiyo kivuli cha safu ya miti ama kinaangukia njia nzima kwa wakati mmoja ama hakiigusi kabisa. Hilo lichorwe mapema, kwa jua la miezi ya joto.

## 25 Novemba: Fedha

Siandiki namba za fedha, kwa sababu bei za kila mahali ni tofauti. Uwiano ndio unaosafiri. Kati ya kila 100 zilizotumika hadi leo, karibu 40 zimekwenda chini ya ardhi: vipimo, taka hatari, turubai, udongo safi. Maji na mabomba 20 na kitu. Mimea haikufika 10. Njia, ngazi, taa na mabenchi ndivyo vilivyochukua salio.

Tuliyokata ili kubaki ndani ya bajeti: chemchemi ya mapambo, mnara wa kutazamia, na sakafu ya mawe ya kuchonga. Ambayo tulikataa kukata, licha ya kushinikizwa: milango ya kila mita 200, na fedha za utunzaji za miaka mitatu. Mradi wenye mimea bila mtunzaji ni zawadi kwa magugu.

Jambo lisilo kwenye mkataba wetu lakini linatuhusu ni kodi za nyumba kando ya ukanda. High Line na njia za Atlanta zilipandisha thamani ya majengo jirani, na wapangaji wengi wa zamani walibanwa. Tumeiandikia mamlaka husika kwamba ulinzi wa wapangaji uanze kabla ya ufunguzi. Bado hatujajibiwa.

## Mwaka wa pili, 8 Aprili: Mtihani wa mvua

Kiwanja cha nyasi kilijaa na kutoka ndani ya siku moja, kama kilivyopimwa. Kikomo chetu ni saa 72, kwa sababu mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, na maji yanayoondoka mapema hayawapi nafasi.

Vibonde viwili vya ardhi ya kijani, hata hivyo, vilikaa vikavu huku maji yakipita barabarani mbele yake. Mwanya wa kuingizia maji ulikuwa mwembamba, majani yakauziba kwa dakika chache. Mianya sasa imepanuliwa hadi sentimita 45, sakafu yake imeshushwa sentimita 5 chini ya njia ili majani yasukumwe ndani, na mbele ya kila kibonde kuna kisahani cha mawe kinachodaka mchanga, ambacho mtunzaji anakifagia kwa sepeto. Kazi ya siku chache na gharama ndogo, lakini bila hiyo vibonde vilikuwa mapambo.

Mabomba ya kupimia kwenye nyekundu: makavu. Arseniki kwenye njano haijapanda.

## Mwaka wa pili, 17 Juni: Kilichobaki

Kalavati la zamani la matofali lililo chini ya tuta halitoshi. Lilijengwa kwa mvua za enzi zake. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji, na sisi tumesanifu kwa mvua kubwa iliyoongezwa asilimia 30. Njia mbili ziko mezani. Ya kwanza ni kusukuma bomba jipya kando ya la zamani, na hapo itabidi kutoboa udongo wa njia ya reli wenye arseniki na kutoa tope lake kama taka hatari. Ya pili ni kuacha kalavati kama lilivyo na kuinua ukingo wa kiwanja cha nyasi kwa sentimita 20, ili maji mengi yasubiri uwanjani zaidi, ambayo ni nafuu lakini inakula nafasi ya saa 72. Mhandisi anapiga hesabu ya muda wa kutoka maji kwa ukingo mpya. Ikizidi saa 60, tutasukuma bomba.